Mikono Sakafuni, Tumbo Kazini: Kumjengea Mtoto Nguvu za Mabega na Uimara wa Kiwiliwili

Mtazame mtoto wa miaka 6 aliyeketi mezani kuchora. Dakika ya kwanza yuko wima. Dakika ya tatu kiwiko cha mkono usiochora kimeegemea meza na shavu limelalia kiganja. Dakika ya tano kifua kizima kiko juu ya daftari, miguu imejisokota kwenye miguu ya kiti, na kalamu inabanwa mpaka ncha za vidole zinabadilika rangi. Mtu mzima aliye karibu husema, "Kaa vizuri!" Mtoto hunyooka kwa sekunde kumi, kisha hurudi pale pale. Huo si ukaidi wala si uvivu. Misuli inayopaswa kumshikilia wima imeishiwa, na mwili umetafuta pa kuegemea.

Watoto wa namna hii wapo wengi katika vyumba vya fiziotherapia. Wengine wana mtindio wa ubongo, wengine wana sindromu ya Down, wengine walizaliwa kabla ya siku zao, wengine wana viungo vilivyolegea kupita kawaida, na wengine hawana jina lolote la ugonjwa. Chanzo hutofautiana sana, lakini swali la wazazi huwa moja: tumfanyishe mazoezi gani? Jibu langu huanzia mahali pengine. Kabla ya kuchagua zoezi, jifunze kuona ni wapi mkao wa mtoto unavunjika. Zoezi lile lile linaweza kumjenga mtoto au kumfundisha ujanja wa kukwepa kazi, na tofauti hutokana na mahali ulipoweka mikono yako na wakati ulipomwambia apumzike.

Sanduku na kombe

Kiwiliwili ni sanduku lenye pande zote. Juu kuna kiwambo, ule msuli wa kuvutia pumzi. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Mbele na ubavuni kuna msuli wa ndani kabisa wa tumbo, unaozunguka kiuno kama mshipi. Nyuma kuna misuli midogo midogo inayoshikanisha pingili za uti wa mgongo. Pande hizi zikifanya kazi pamoja, na kwa wakati, mgongo unakuwa na msingi. Neno "kwa wakati" lina uzito wake: kwa mtu mwenye afya, msuli ule wa mshipi huanza kukaza kabla mkono haujanyanyuka. Mtoto mwenye udhaifu mara nyingi hukaza kwa kuchelewa, au hukaza kila kitu kwa mpigo na kuwa kama gogo.

Kwa sababu hiyo uimara haumaanishi ugumu. Mtoto aliyekakamaa hajawa imara. Mtoto imara hugeuka, huinama, hufika pembeni kuchukua kitu na kurudi katikati bila kuanguka.

Mabega nayo yana habari yake. Mfupa pekee unaounganisha mkono na kiwiliwili ni mtulinga, unaokutana na kidari. Kombe la bega lenyewe halijafungwa kwenye mbavu kwa kiungo chochote cha mfupa, linaelea juu ya mbavu likishikiliwa na misuli. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, kombe hutokeza nyuma kama bawa mara tu mtoto anapoegemea mikono. Mkono ulioshikizwa kwenye kombe linaloyumba hauwezi kusukuma kwa nguvu, wala kutulia hewani mtoto anapopaka rangi ukutani.

Ndiyo maana kazi ya mabega na kazi ya tumbo hufanywa pamoja, na mahali pake pa asili ni sakafuni, viganja vikiwa vimebeba uzito. Mtoto hawezi kuusukuma mwili mbali na sakafu bila kombe kujishika kwenye mbavu, na hawezi kuubakiza mgongo usidondoke bila mshipi wa tumbo kuingia kazini.

Kuhusu zoezi la kulala chali na kuinuka kiwiliwili huku mtu mwingine amekushika miguu, ningeliacha kabisa kwa watoto hawa. Mtoto mwenye tumbo dhaifu huinuka kwa kuvuta shingo na misuli ya mbele ya nyonga. Tumbo hutuna juu kama mkate ulioumuka badala ya kuingia ndani, na pumzi huzuiwa. Atafanya marudio 20, kila mtu atapiga makofi, na kile kilichokuwa dhaifu kitabaki dhaifu.

Toroli, kwa karibu

Mwendo wa toroli, yaani mtoto anatembea kwa mikono huku mtu mzima ameshika sehemu ya chini ya mwili, unajulikana kila mahali na hufanywa vibaya kila mahali. Kosa kubwa ni kushika vifundo vya miguu tangu siku ya kwanza.

Fikiria ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Mawe yakiwa karibu, ubao haupindi. Ukiyatenganisha, ubao hubonyea katikati. Kwa mtoto wa toroli, jiwe la kwanza ni mikono yake na la pili ni mikono yako. Ukishika nyonga, ubao ni mfupi na tumbo lina kazi ndogo. Ukishika vifundo vya miguu, ubao ni mrefu na kiuno kinabeba mzigo wote katikati. Kwa hiyo kusogeza mikono yako sentimita 10 tu kuelekea magotini ni sawa na kuongeza uzito kwenye chuma cha mazoezi.

Anza bila kutembea. Kaa sakafuni, nyoosha miguu, mlaze mtoto kifudifudi akikatiza mapaja yako, viganja vyake vikiwa chini mbele, vidole vimetawanywa na kuelekea mbele, vifundo vya mikono chini ya mabega. Mpe vipande vya picha ya kuunganisha, achukue kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba. Sekunde 10 hadi 20, pumzika, rudia mara tano au sita. Akimudu hivyo kwa utulivu, simama au piga magoti nyuma yake, shika nyonga pande zote mbili, atembee hatua nne hadi sita. Kisha katikati ya mapaja. Kisha juu kidogo ya magoti. Kushika chini ya magoti ni kwa wale ambao wameshakuwa na nguvu kweli, na mtoto mwenye magoti yanayopinda kinyume nisingemshika huko hata kidogo.

Sasa tazama ubavuni, si usoni. Mambo haya ndiyo yanayokuambia zoezi limekwisha, hata kama mlipanga hatua 10 na amepiga tatu.

Kiuno kinabonyea na tumbo linaning'inia. Mshipi wa tumbo umeshindwa na mtoto sasa ananing'inia kwenye viungo vya uti wa mgongo. Kumwambia "kaza tumbo" hakusaidii, maana mtoto wa miaka 5 hajui hilo maana yake nini. Panda na mikono yako juu, karibu na nyonga, na kiuno kitanyooka chenyewe. Kisiponyooka, mpumzishe.

Makalio yanapanda juu. Huu ni ujanja wa pili: mtoto anakunja nyonga ili kufupisha ubao. Unaonekana kama nguvu, nao ni ukwepaji.

Viwiko vimejifunga, hata kupinda kinyume. Hutokea sana kwa watoto wenye viungo vilivyolegea. Mifupa inabeba, misuli imelala. Mpe sababu ya kulegeza kiwiko: weka kitu kidogo chini ambacho lazima akiguse kwa pua, halafu apande tena. Kiwiko kikikunjika kidogo tu, misuli ya nyuma ya mkono na ya bega huamka.

Kichwa kinaning'inia, au kinainuliwa mno hadi shingo inakunjana nyuma. Sogeza kitu anachokiangalia kiwe sakafuni hatua moja mbele ya mikono.

Anakimbia. Watoto hupenda kukimbia toroli kwa sababu kasi huficha udhaifu. Uzito haukai juu ya mkono mmoja kwa muda wa kutosha. Kisha mkono mmoja unakatika na uso unagonga chini. Panga kadi au vibandiko sakafuni kila baada ya sentimita 30, aweke kiganja juu ya kila kimoja, ataje kilichochorwa, ndipo aendelee.

Viganja vimekunjwa ngumi. Kwa mtoto mwenye misuli iliyokakamaa, kunyoosha kiganja kwa nguvu kunaongeza ukakamavu. Kunja taulo iwe bomba nene, aegemeze kiganja juu yake vidole vikishuka upande wa mbele, au ashike vishikio viwili vya chini vya kupigia pushapu. Vishikio hivyo humfaa pia mtoto anayelalamika maumivu ya kifundo cha mkono. Na sakafu iwe na mkeka mgumu kiasi: kwenye godoro laini sehemu ya chini ya kiganja huzama na kifundo hukunjika zaidi.

Mkao wa kutambaa

Kama toroli ni ngumu, rudi kwenye magoti na viganja. Mkao huu ni tajiri kuliko unavyoonekana, na ningeupa muda mrefu kuliko zoezi jingine lolote.

Mwanzo ni kuhamisha uzito tu. Mtoto anasogea mbele na nyuma polepole, mabega yakivuka vifundo vya mikono kidogo na kurudi, mara 10. Baada ya hapo anainua mkono mmoja kwa sekunde tatu, anadondosha kitufe ndani ya kikombe, anarudisha. Kisha mguu mmoja unanyooshwa nyuma, vidole vikiteleza sakafuni kwanza, vikiinuliwa baadaye. Mwisho mkono na mguu wa upande wa pili kwa pamoja, na hapo wengi hukwama kwa majuma kadhaa, jambo ambalo ni la kawaida.

Weka kikombe chepesi cha plastiki juu ya kiuno chake. Kikianguka, kiwiliwili kimezunguka au kimebonyea. Mtoto anaona mwenyewe matokeo, na wewe huna haja ya kumsahihisha kila sekunde. Kikombe tupu, tafadhali. Kikombe cha maji huwafanya watoto wajikaze na kuzuia pumzi.

Kwa ajili ya kombe la bega kuna mwendo mdogo ambao wengi huusahau. Mtoto akiwa kwenye mkao wa kutambaa, viwiko vimenyooka bila kujifunga, mwambie aisukume sakafu iende mbali. Mgongo wa juu, katikati ya makombe, utapanda sentimita moja au mbili. Weka kiganja chako hapo juu kidogo tu bila kumgusa, umwambie akiguse kwa mgongo. Mara 8, taratibu. Hapa unamfanyisha kazi ule msuli wa ubavuni unaobana kombe kwenye mbavu. Akishindwa kwenye sakafu, afanye kwa kusimama na kuegemea ukuta, viganja vikiwa kimo cha mabega. Baadaye aegemee ukingo wa meza nzito. Ndipo ashuke chini.

Na pumzi. Kwa kuwa kiwambo ndicho dari ya sanduku lile, mtoto anayezuia pumzi anapata uimara wa kukopa: unakuwepo kwa sekunde tano, kisha unaporomoka. Apulize kipande cha pamba sakafuni akiwa kwenye mkao huo huo, au ahesabu kwa sauti, au aimbe. Sauti ikikatika, zoezi ni gumu kuliko uwezo wake.

Mtoto mchanga na mtoto anayejifunza kukaa

Kila kitu huanzia kulala kwa tumbo akiwa macho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto mchanga ambaye bado hajaanza kujisogeza alale kwa tumbo angalau dakika 30 kwa siku, zikiwa zimegawanywa. Usingizi ni chali. Tumbo ni la wakati wa kuwa macho, na mtu mzima yupo.

Dakika 30 huwatisha wazazi wenye mtoto anayelia baada ya sekunde 20. Zigawanye dakika moja moja, kila baada ya kubadilisha nepi. Mwanzo mlaze juu ya kifua chako huku umeegemea nyuma; kadiri unavyoegemea zaidi ndivyo kazi yake inavyoongezeka. Ukimweka chini, kunja taulo iwe na unene wa sentimita 8 hivi, uiweke chini ya kifua chake, kwapa zikiwa juu yake na mikono mbele. Viwiko viwe chini ya mabega au mbele kidogo; vikibaki nyuma ya mabega hawezi kusukuma chochote. Halafu weka kiganja chako juu ya makalio yake, kwa uzito mdogo kuelekea miguuni. Hili ndilo wengi hawalijui: kichwa cha mtoto ni kizito, na nyonga isipotulia kama nanga hakiinuki. Uso ukianza kuzama, mtoe. Kumwacha alie akiwa amezama hakujengi shingo.

Kukaa hujengwa kwa kushusha mkono wako. Kiwiliwili hujifunza kujitawala kipande kwa kipande kutoka juu: kwanza shingo, kisha usawa wa kifua, mbavu za chini, kiuno, mwisho nyonga. Tafuta usawa ambao ukimshika hapo, sehemu ya mwili wake iliyo juu ya mkono wako inasimama yenyewe bila kuyumba. Fanya kazi hapo. Ukimshika chini mno, atainama kama jani lililonyauka na kuegemea mikono yake. Ukimshika juu mno, hafanyi kazi yoyote. Majuma mawili au matatu kwenye usawa mmoja si kuchelewa.

Kinachomfanya ajifunze ni kufika, si kukaa tu. Weka kitu mbele, umbali wa mkono wake na kidogo zaidi. Kisha pembeni. Kisha pembeni na nyuma kidogo, ili ageuke. Mikono ya kujikinga hukomaa kwa utaratibu huo huo: mbele karibu na miezi 6, ubavuni karibu na miezi 8, nyuma karibu na miezi 10. Mtoto asiyekuwa nayo bado huanguka kama mti, kwa hiyo mto uwekwe upande ambao kinga haijafika.

Neno kuhusu kukaa mtindo wa W, makalio katikati na miguu imekunjwa nyuma pande zote mbili. Shida yake kubwa ni kwamba eneo analolikalia limekuwa pana mno. Kiwiliwili hakina sababu ya kuhamisha uzito wala kugeuka. Mtoto anayeupitia na kuondoka hana tatizo. Anayeishi humo mchana kutwa mpe kigoda kifupi, nyayo zikikanyaga sakafu, au mfundishe kukaa ubavu mmoja, mkono wa upande huo ukibeba uzito.

Yai na ndege

Vipimo viwili rahisi, saa ya kuhesabu sekunde tu inatosha. Yai: mtoto amelala chali, anakunja magoti kifuani, mikono imekunjwa kifuani, kichwa kimeinuliwa kidevu kikikaribia kifua. Ndege: amelala kifudifudi, mikono imetandazwa pembeni, anainua kichwa, kifua na mapaja kwa pamoja, magoti karibu yamenyooka. Watoto wengi wa miaka 6 na kuendelea hufika sekunde 20 hadi 30 kwa kila kimoja. Chini ya umri huo usihangaike na namba. Tazama mkao tu.

Linganisha hivyo viwili. Mtoto mwenye sekunde 15 za ndege na sekunde 3 za yai, kichwa kikidondoka nyuma mwanzo kabisa, anategemea mgongo na shingo, na upande wa mbele wa sanduku ndio wa kushughulikiwa. Kinyume chake kipo pia, ingawa si mara nyingi hivyo. Saa usiisimamishe mtoto anapodondoka. Isimamishe mkao unapobadilika.

Kuvuta nako kusisahaulike, kwa sababu sakafu inafundisha kusukuma tu. Mtoto amelala kwa tumbo juu ya ubao wa magurudumu, anajivuta kwa kamba iliyofungwa mahali imara, mkono baada ya mkono, mita tatu au nne. Au ameketi miguu imenyooka, anavuta kuelekea kwake kikapu chenye vitu kilichofungwa kamba. Kuning'inia kwenye bomba sekunde 5 hadi 10, nyayo zikiwa karibu na ardhi, ni kwa mtoto anayeweza kushika kwa nguvu mwenyewe. Usimrushe wala kumzungusha mtoto mdogo kwa kumshika viganja: kwa walio chini ya miaka 5 kichwa cha mfupa mmoja wa mkono huweza kuteguka kwenye kiwiko kwa mvuto wa ghafla.

Kiasi

Kabla ya balehe mtoto hupata nguvu hasa kwa neva kujifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli, kwa mpangilio bora. Misuli haivimbi. Usitafute mabadiliko ya umbo, tafuta mabadiliko ya mkao. Kwa mazoezi magumu, siku mbili au tatu kwa juma zisizofuatana zinatosha, seti moja hadi tatu, marudio 6 hadi 15, dakika 10 hadi 15 kwa mtoto mdogo. Michezo ya sakafuni iwe kila siku. Tegemea majuma 8 hivi kabla ya kuona tofauti ya maana. Hofu ya kwamba mazoezi ya nguvu humdumaza mtoto haina msingi pale anaposimamiwa na mkao ni sahihi.

Sheria ninayoishikilia ni moja: marudio mabovu hayahesabiwi wala hayafanywi. Mtoto anayemaliza marudio sita safi amefanya kazi kubwa kuliko aliyemaliza 15 huku manane ya mwisho akiwa amening'inia.

Kurudi mezani

Kuna imani iliyoenea kwamba kiwiliwili kikishakuwa imara, mwandiko utakuja wenyewe. Hauji. Mwaka 2013 Iona Novak na wenzake wa Australia walichapisha mapitio makubwa ya tiba za mtindio wa ubongo wakitumia rangi za taa za barabarani, na njia zilizopata kijani kwa upande wa utendaji ni zile ambazo mtoto mwenyewe anafanya mazoezi ya kazi halisi aliyolenga. Kugeuzwageuzwa na mikono ya mtaalamu huku mtoto ametulia hakukuwa miongoni mwake. Kwa hiyo nguvu za sakafuni ziwe na anwani. Lengo likiwa kuvaa fulana mwenyewe, basi baada ya mkao wa kutambaa aivae fulana, siku hiyo hiyo, ameketi kwenye kigoda bila kuegemea. Lengo likiwa kuandika, aandike.

Ila usichanganye mizigo miwili. Kumketisha mtoto juu ya mpira mkubwa wakati wa kuandika, eti afanye vyote kwa pamoja, kunamnyima vyote. Wakati wa kujenga kiwiliwili, mnyang'anye msaada kidogo. Wakati wa kazi ya vidole, mrudishie wote: nyayo zimekanyaga kitu, nyonga na magoti yamekunjika nyuzi 90 hivi, mgongo una pa kuegemea, meza iko usawa wa viwiko au juu kidogo. Mpira utumie muda mwingine, ukubwa ambao akikaa magoti yanakunjika nyuzi 90, ukiwa na upepo pungufu kidogo mwanzoni kwa sababu mpira mgumu sana huviringika upesi, na umshike nyonga, si kwapa.

Pa kusimama kwanza

Udhaifu ambao sababu yake haijulikani hauanzi na mazoezi, unaanzia kwa daktari. Mtoto anayeinuka kutoka chini kwa kuupanda mwili wake mwenyewe, mikono ikisukuma mapaja, ana dalili iliyopewa jina la daktari Mwingereza William Gowers. Inaweza kuashiria ugonjwa wa misuli kama Duchenne, ambao misuli yake huweza kudhurika kwa mazoezi mazito ya nguvu. Mtoto aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, asiyekaa bila msaada akifika miezi 9, au anayependelea mkono mmoja waziwazi kabla ya mwaka mmoja, aonwe mapema.

Kwa mtoto mwenye sindromu ya Down, pingili mbili za juu za shingo zinaweza kuwa zimelegea: hakuna kusimama kwa kichwa wala kupiga kichwangomba bila idhini ya daktari, na akianza kuchechemea, kuinamisha kichwa upande au kushindwa kuzuia mkojo, mazoezi yote yasimame. Watoto wenye mgongo wazi wengi hudhurika na mpira wa asili (lateksi) kwa mzio, kwa hiyo mipira na mikanda ya kuvuta iwe ya aina isiyo na mpira huo. Mwenye mrija wa kulishia tumboni asilazwe kifudifudi juu yake kabla ya kuuliza. Mwenye mifupa inayovunjika upesi hainuliwi kwa kwapa wala kuvutwa mikono.

Kwa kufuatilia maendeleo, simu inatosha. Piga picha moja kutoka ubavuni kila baada ya majuma mawili, mtoto akiwa kwenye mkao wa kutambaa mkono mmoja umeinuliwa, na nyingine akiwa mezani dakika ya tano. Andika pembeni mambo matatu: mikono yako ilishika wapi kwenye toroli, hatua ngapi kabla kiuno hakijabonyea, na sekunde za yai. Akifanya hatua mbili zaidi katika vipindi viwili mfululizo bila kubonyea, shusha mikono yako sentimita chache. Siku atakayochoka mapema, kwa homa au usingizi mbaya, ipandishe tena bila kumwambia kwamba mmerudi nyuma, mpe vipande vya picha yake, na muendelee.